Baba wa Jumamosi

Papa Protocole hakuwa padri, hakuwa diwani, wala hakuwa na cheo chochote kilichoandikwa mahali, lakini Wakongo wa Brussels waliogopa kuoana bila yeye. Harusi iliweza kukosa keki. Iliweza hata kumkosa bwana harusi kwa saa nzima na mambo yakaenda. Akikosekana yeye, wageni walikaa popote walipopenda, shangazi wa upande mmoja akajikuta meza moja na shangazi wa upande wa pili, na kabla ya supu kuletwa ukoo mzima ulikuwa umeshaanza kutafuta makoti yake.

Kwa asiyezijua harusi za Kongo: protocole ni wale wanaosimama mlangoni, wanaoamua nani akae wapi, nani aingie lini, na nani aambiwe kwa heshima kwamba chupa ile si yake. Kwa kawaida ni kikosi cha vijana wenye suti za kufanana. Yeye alikuwa kikosi kizima peke yake. Alikuwa mzaliwa wa Bukavu, mrefu, mwembamba, mwenye kichwa kidogo na glovu nyeupe, na aliweza kumhamisha mtu kutoka kiti kimoja hadi kingine bila kumgusa, kwa kukitazama tu kile kiti kana kwamba kinawaka moto. Jina lake halisi nililiona mara moja, kwenye kengele ya mlango wake huko Jette. Sikuwahi kulitumia.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya ugonjwa wangu. Ugonjwa wangu ni kutaka kila kitu kiwe sawasawa, na kukosa usingizi kisipokuwa. Kushona nilijifundisha mwenyewe, nyumbani Kigoma, kwa kufumua magauni ya watu na kuyashona upya kabla hawajayafuata. Kifaransa nacho nilijifundisha kwa kitabu kilichopoteza kurasa za mwanzo, kwa hiyo nilijua kulalamikia chumba cha hoteli kabla sijajua kusalimia. Halafu nikachumbiwa na Fidele, kijana wa Lubumbashi niliyekutana naye Dar es Salaam akipita, ambaye sasa alikuwa na kazi ya ofisi Brussels na chumba huko Evere. Wazo la kufungia ndoa Brussels lilikuwa langu, si lake. Nilikuwa nimeona kalenda yenye picha ya Grand-Place, uwanja mkuu wa mji ule, na zile nyumba za kale zenye dhahabu kwenye paji la uso. Nikataka kupigwa picha pale, na picha ifike Kigoma, na binamu zangu wafe kwa wivu, polepole.

"Chérie," Fidele aliniambia kwenye simu, "mimi niko Evere. Evere ni mabilidingi na basi."

Sikumsikiliza. Nikaja majira ya kuchipua, katikati ya miaka ya tisini, na viza ya wiki chache, nichague kanisa, ukumbi na kila kitu. Fidele alishinda kazini, kwa hiyo alinikabidhi kwa Papa Protocole. "Atakutembeza. Usibishane naye juu ya viti."

Alinikuta kituo cha tramu, amechelewa sana na hana habari. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja mkononi mwangu.

"Ile ni nini?"

"Futi kamba, papa. Nataka kupima njia ya katikati kanisani. Gauni langu litakuwa na mkia mrefu."

"Mukia." Akatafakari. "Ma fille, binti yangu, nilisha kuona bibi-arusi wa mukia. Mutoto mumoja akakanyaga, mwengine akakaa juu yake. Bon, tulifika altare na nusu ya gauni. Weye pima batoto kwanza."

Kuhusu saa, alikuwa mnafiki wa kiwango cha juu. Alihubiri kuwahi kama wengine wanavyohubiri toba, na yeye mwenyewe hakuwahi hata basi. Misa ikiwa saa saba mchana, aliwaambia wageni onze heures, yaani saa tano asubuhi. Wageni walijua anadanganya, wakachelewa zaidi. Yeye akajua kwamba wanajua, akaurudisha uongo nyuma zaidi. Mashindano haya yaliendelea miaka, mpaka Jumamosi moja familia kutoka Bukavu, wageni mjini, wasiojua chochote kuhusu vita hivyo, walimwamini. Wakafika kanisani asubuhi mbichi, wamevaa kitenge cha sare, wakakuta mazishi ya mzee wa Kibelgiji yanaanza. Hakuna aliyewafukuza. Waliimba. Mjane, alinisimulia Papa Protocole, aliwashika mikono mmoja mmoja akiwashukuru kwa kutoka mbali.

"Sasa lile ni kosa la nani?" nilimwuliza.

"Ya baliofika kwa saa."

Alikuwa na misemo, lakini si ya kutundika ukutani. "Mungu anaangalia moyo, ba-belle-mère banaangalia viti," yaani mama wakwe. Au: "Harusi ni kungojea. Mwenye akili anangojea amekaa." Na ule niliouchukia kwa sababu ulinihusu: "Bantu banakuja na njaa, banarudia na maneno. Kwa mukia ya gauni habana bwakati."

Nilipompeleka Grand-Place, au tuseme yeye alinipeleka na mimi nikajifanya naongoza, mvua ilikuwa ikinyesha ile ya Brussels, isiyo na juhudi wala mwisho. Nikasimama mbele ya jumba la manispaa na mnara wake, nikamwambia: hapa. Ndoa ya serikali hapa, kwenye ukumbi wa dhahabu, halafu picha pale.

"Fidele analala wapi?"

"Evere."

"Bon. Utaolewa Evere."

Ndipo nikajifunza jambo ambalo kalenda haikusema. Ubelgiji hufungishwi ndoa na mji, unafungishwa na commune, manispaa ya mtaa ule ulioandikishwa kwamba unalala. Wanaoolewa kwenye dhahabu ni wale wanaolala karibu na dhahabu. Wa Evere huolewa Evere. Na padri haruhusiwi kukugusa kabla ya commune kumaliza. "Hapa commune kwanza, Mungu nyuma," alisema Papa Protocole. "Mungu anasimama foleni sawa sisi."

Nikamwuliza kama Fidele hawezi kuandikishwa kwa muda kwa rafiki anayeishi hapo jirani. Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyekwisha kuulizwa. Kulikuwa na bwana harusi mmoja, alisema, aliyejiandikisha kwa binamu yake wa kike, chumba kimoja juu ya duka la chipsi, hatua chache kutoka pale tuliposimama. Kila anayehama hutembelewa na polisi wa mtaa ahakikishe analala kweli. Polisi akaja wakati wa chai. Binamu akasema bwana huyo yuko kazini. Polisi akaomba kuona vitu vyake. Binamu, mwepesi wa akili kupita kiasi, akaingia uvunguni na kutoka na jozi ya viatu, vyake mwenyewe, vya kisigino.

"Polisi akabiangalia," alisema Papa Protocole. "Akaandika, akaandika. Kisha akasema: votre cousin, binamu yako, anacheza dansi muzuri, madame?"

Bwana harusi huyo na mchumba wake walioana commune yao, kati ya kituo cha basi na duka la godoro. Nikauliza kama walikuwa na huzuni.

"Beko na batoto batatu," alijibu, kama mtu asiyeelewa swali.

Basilika ya Koekelberg ilikuwa tumaini langu la pili. Ukiwa mahali popote upande ule wa mji unaiona, na kuba lake la kijani, kubwa kiasi kwamba hujui kama ni kanisa au kiwanda cha makanisa. Niliingia, nikapiga magoti, nikatandika futi kamba yangu sakafuni. Mama mmoja mzee wa Kibelgiji aliyekuwa akiwasha mshumaa aliniona nimeinama hivyo, akaja akapiga magoti kando yangu, akafumba macho. Sikuweza kuinuka. Nilibaki pale nimeshika sentimita zangu wakati yeye akisali, na Papa Protocole amesimama nyuma yetu, glovu mbele, mkuu wa itifaki wa ibada ambayo haikuwapo. Tulipotoka futi kamba ilikuwa bado inaburuza nyuma yangu.

"Umepima?"

"Ni ndefu mno, papa. Wimbo utaisha kabla sijafika."

"Kanisa hii ni ya kuzika bafalme. Bantu yako humu batakuwa sawa punje ya muchele ndani ya sufuria ya jeshi."

Sitaki aonekane mtakatifu, maana hakuwa. Alilaani ulafi, na mifuko ya koti lake alikuwa ameishonea plastiki ndani kwa ajili ya kuku. Mimi ni fundi, niliona mshono, ulikuwa mbaya. Alisema bia ndiyo inayoharibu harusi, akainywa kwenye kikombe cha chai ili asimkwaze mtu. Alilala wakati wa mahubiri, kila mahubiri, amesimama wima kama farasi, na aliamka kwenye "Amina" bila kukosea. Siku za wiki alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitali kubwa ya Jette, na alivisukuma kwa mwendo uleule wa kuingiza maharusi. Mgonjwa mmoja alimwambia Fidele kwamba alipelekwa kupigwa picha ya goti kwa heshima kubwa mno, akadhani amekwisha kufa.

Pole pole, kwa kuzungushwa na kuzomewa, nilipata harusi yangu. Commune ya Evere, sawa. Kanisa dogo la matofali hapohapo, lenye njia niliyoipima mara tatu na kuridhika. Ukumbi. Tarehe mwezi wa tisa. Kila kitu kilikaa mahali pake, na nilianza kulala.

Kisha baba akapiga simu kutoka duka la jirani yetu Kigoma.

Baba yangu ni karani mstaafu wa reli. Mama alifariki tukiwa wadogo, na baba ndiye aliyetusuka nywele, vibaya, kabla ya kwenda stesheni. Kwenye ofisi ya viza walimwuliza atawahakikishiaje kwamba atarudi Kigoma. Baba aliliona swali hilo kuwa tusi. Akawauliza: "Kwani huko mna nini?" Habari ya viza ikaishia hapo.

"Nyinyi endeleeni tu, mwanangu," aliniambia. "Mtanitumia picha."

Nilipomweleza Fidele, alinishika bega, akasema kwa upole kwamba hilo si tatizo. "Papa Protocole atakuwa papa. Baba yako wa siku hiyo."

Hii ndiyo kazi yake nyingine, ambayo nimeichelewesha kuisema kwa sababu sijui niiseme kwa sauti gani. Miaka ile mabinti wengi waliolewa Brussels na baba zao wakiwa wamekwama nyuma, Goma, Uvira, Kolwezi, au kwenye kambi. Bibi harusi hawezi kuingia kanisani kama mtu anayeingia sokoni, peke yake. Kwa hiyo aliazimwa baba, na baba wa kuazimwa alikuwa Papa Protocole. Alikuwa baba kila Jumamosi. Ulikuwa ukipanda tramu pamoja naye, wanawake wenye vigari vya watoto wanamwita papa, na waume zao wanasimama kumpisha, nusu kwa heshima, nusu kwa woga.

Na alikuwa na utaratibu wake. Alimwuliza kila bibi harusi swali moja tu: baba yako anatembea namna gani? Binti alimwonyesha, na Jumamosi ile yeye alitembea hivyo. Baba akiwa mwenye haraka, alikimbiza. Alipopata binti ambaye baba yake alichechemea, alichechemea kutoka mlangoni hadi altare, na nyuma ya kanisa watu wa kijiji cha baba huyo walianza kulia kabla ya wimbo.

"Bon," aliniambia katika uwanja wa magari nyuma ya ukumbi. "Karani ya reli. Anatembea namna gani?"

Nikamwonyesha. Baba hutembea kwa hatua fupi, kana kwamba bado anakanyaga mataruma, na kila baada ya hatua kadhaa hugeuza kichwa kushoto na kulia, kuona kama treni haiji. Papa Protocole akatazama. Akaniomba nirudie. Kisha akanipa mkono, tukaanza kutembea kati ya magari.

Ninakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Hatimaye mtu alikuwa anafanya jambo sawasawa. Hatua zilikuwa zenyewe, shingo ilikuwa yenyewe. Sikuona kosa hata moja, na mimi huona makosa hata yasipokuwapo. Tulipofika ukutani tukageuka, na mwanamume huyu mrefu wa Bukavu akatazama kushoto na kulia kama treni haiji, nami nikasimama palepale.

"Nini?" alisema.

"Hakuna, papa. Ni vizuri sana."

Akauachia mkono wangu. Akayatazama magari. "Twende kwangu," alisema.

Nyumba yake ilikuwa chumba na jiko, safi kuliko nilivyotarajia. Akanikalisha, akaweka kanda ya video. Ilikuwa harusi kanisani, theluji kwenye makoti ya wageni. Binti yake, alisema, Montréal, mwaka uliopita. Alikulia huko kwa shangazi yake. Yeye mwenyewe hakwenda harusi ile. Dossier yake ya ukimbizi ilikuwa en cours, bado inashughulikiwa, na mtu wa en cours akitoka Ubelgiji harudi. Alilisema hilo kama anavyosema mtu aliyezoea mvua.

Mlango wa kanisa ukafunguka kwenye skrini. Bibi harusi akaingia, ameshikwa mkono na mzee mfupi, mnene, nisiyeweza kumfananisha na mtu. Lakini mzee yule alikuwa amenyoosha shingo isiyonyooka. Alikuwa akijirefusha. Aliweka miguu polepole, kisigino kwanza, kidevu juu, mkono wa kulia nyuma ya mgongo, na alipokaribia viti vya mbele alimtazama mtu mmoja aliyekaa vibaya, na mtu yule akahama.

"Alimuuliza mutoto wangu mi natembea namna gani," alisema Papa Protocole.

Nikasema labda mzee yule alijitahidi tu.

"Hapana. Angalia. Iko muzuri. Nilisha kutafuta kosa, ma fille, mi mwenyewe, muntu ya kazi. Kosa haiko." Akasimamisha kanda. "Ile ndio inaniuma."

Ile picha iliyoganda ikawa inatetemeka chini.

"Sitakupeleka altare," alisema. "Bengine nilibapeleka sababu baba zao habana njia. Habana hata barabara. Baba yako, train inafika kwake?"

"Kwake ndiko inakoanzia, papa."

"Bon." Akainuka kuchemsha chai.

Nilibishana. Lazima niseme hivyo, nisije nikaonekana mwepesi wa kuelewa. Nilimwambia tarehe imewekwa, kanisa limepimwa, wageni wameambiwa. Alinijibu kwamba wageni wa Kikongo kuambiwa si kitu, wataambiwa tena. Jioni ile nilimweleza Fidele kwamba tunafungia ndoa Kigoma. Akahesabu kitu kwa vidole, akaanza upya.

"Donc," alisema mwishowe, "sasa ni mimi ndio nitaomba viza."

Tulioana Kigoma mwezi wa kumi na mbili, na miezi kadhaa baadaye nilihamia Evere kwenye mabilidingi na basi. Papa Protocole nilimwona kwenye harusi za watu, kwa mbali, akihamisha viti. Hatukuongea sana. Mwaka jana tu, majira ya baridi, nilimkuta kwenye tramu ya Jette, amekonda, ametoka zamu. Akanipa nafasi dirishani. Niliuliza habari za dossier.

"En cours," alisema.

Nilikuwa na picha za harusi yangu kwenye mkoba, nimetoka kuzisafishia nakala. Hakuwa ameziona. Akanyoosha mkono bila kuuliza, akaanza kuzipitia kwa uso wa daktari.

"Vifungo."

"Baba aliruka kimoja, papa. Koti zima likapanda upande."

"Na yuko mukono ya kushoto. Nani alimuweka kushoto?"

"Nilimwambia kulia. Akasema sikio lake zuri ni la upande ule, anataka kunisikia."

Akaguna. Picha iliyofuata aliisogeza karibu na macho. Ndani yake mimi niko katikati ya kanisa, na gauni langu zuri na mkia wake wote, peke yangu kabisa, na baba anaonekana mgongo, ameshaingia kati ya mabenchi.

"Hapa anaenda wapi?"

"Amemwona rafiki yake wa stesheni. Alikuwa hajamwona tangu wastaafu."

"Muziki inapiga?"

"Inapiga."

"Anakuacha pale?"

"Ananiacha pale. Walisalimiana mpaka kinanda kikarudia wimbo."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, mpaka kijana mwenye vifaa vya muziki masikioni akavitoa kutusikiliza. "Huyu muzee," alisema akijifuta macho kwa kiganja, "huyu muzee ameharibu kila kitu. Miaka yote sijaona bibaya namna hii. Iko bibaya kabisa."

"Najua, papa."

"Kabisa kabisa."

Akaziweka zile nyingine magotini, akabaki na ile moja, akiigeuza kidogo kwenye mwanga wa dirisha. Tramu ikasimama kituo chake. Milango ikafunguka, ikakaa wazi, ikafunga. Nilikiona kile kituo. Sikumwambia.